Mwanasayansi wa ubongo haonyeshwi video

Ndugu Mhariri,

Habari ya programu za kuiga ubongo ikifika kwenye magazeti yetu, hufika na picha ileile: kichwa cha mtu kinachong'aa rangi ya bluu, na chini yake maelezo kwamba kompyuta sasa imepata ubongo. Tunaomba nafasi tueleze kinachofanyika hasa programu hizi zinapoonyeshwa mbele ya wanasayansi wa ubongo wenyewe. Hadhira ile haiikubali picha ya bluu. Na wapo vijana wa Tabora wanaosoma fizikia, baiolojia na kompyuta ambao siku moja watasimama kwenye meza ya maonyesho katika mkutano kama ule wa SONA, jumuiya ya wanasayansi wa neva wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1993. Hofu yetu ni kwamba watafika wamebeba video.

Anayekwenda Nanenane pale Ipuli hahitaji kufundishwa jambo hili. Muuza mashine ya kukoboa akibandika picha ya mashine, wakulima wanapita. Akiiwasha, wanasimama. Halafu anatokea mzee mmoja na debe lake la mahindi: koboa haya. Mwanasayansi wa ubongo ndiye yule mzee wa debe. Ulichokiandaa hakimshughulishi sana. Anataka akuambie badilisha namba hii, punguza ile, kisha atazame kama mashine yako inafanya anachokijua yeye kutoka maabara yake. Onyesho lisilobadilika papo hapo limekwisha kabla halijaanza, liwe na rangi za namna gani.

Ugumu wake una sababu. Mradi mkubwa wa Ulaya, Human Brain Project, ulianza mwaka 2013 ukiwa na ahadi ya kuiga ubongo wa binadamu. Mwaka uliofuata mamia ya wanasayansi wa ubongo waliandika barua ya wazi kuukosoa mwelekeo wake, na ulipofungwa mwaka 2023 ubongo wa binadamu ulikuwa bado haujaigwa. Mwaka 2013 huohuo, kompyuta kubwa ya Japani iitwayo K, ikitumia programu ya NEST na vichakataji 82,944, iliendesha mtandao wa seli za neva bilioni 1.73. Sekunde moja ya mtandao ule ilichukua dakika 40 za saa ya ukutani. Kichwani mwa mtu mmoja zimo seli za neva karibu bilioni 86. Nyuki wa mizinga yetu ya Sikonge anazo kama milioni moja, na hakuna aliyekwisha kumwiga nyuki akaruka, akapata ua na kurudi mzingani. Mwandishi wako akitumwa kuandika habari hizi, aulize maswali mawili tu: zilikuwa seli ngapi, na sekunde moja ya ubongo ilichukua muda gani wa kweli. Majibu hayo yana habari kuliko kichwa cha bluu.

Programu zenyewe ni za bure na msimbo wake uko wazi. NEURON, iliyolelewa Yale na Michael Hines na Ted Carnevale, hufaa kwa seli yenye umbo, matawi na milango yake ya ayoni, yaani vitundu vya utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji ya umeme. NEST ni ya mitandao mikubwa ya seli sahili. Brian 2 ni ya anayependa kuandika milinganyo mwenyewe kwa lugha ya Python. The Virtual Brain huchukua ubongo mzima kwa maeneo, bila kuhesabu seli mojamoja. Anayezipanga zote nne kwenye meza moja anajitafutia aibu, kwa sababu atakuwa anaijua moja vizuri na tatu kwa kusikia. Chagua moja.

Halafu anza na seli moja, tena ile ya zamani kuliko zote. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi umeme unavyozuka kwenye aksoni nene ya ngisi, yaani mkia mrefu wa seli ya neva unaopeleka ishara. Mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles. (Ngisi ni wa baharini. Sisi tunaoletewa migebuka na dagaa kutoka Kigoma tunamjua kwa picha.) Kila mwanasayansi wa neva amepitia milinganyo hiyo akiwa mwanafunzi. Kosa lako ataliona ndani ya sekunde kumi, na usipokosea, atakusikiliza kwa yatakayofuata.

Kwa NEURON kazi ni hivi. Tengeneza silinda moja yenye urefu wa mikromita 20 na kipenyo cha mikromita 20. Ipe milango ya ayoni ya ngisi, ambayo programu inakuja nayo kwa jina la hh. Upitishaji wa sodiamu ni 120, potasiamu 36 na mvujo 0.3, vyote kwa milisimensi kwa sentimita ya mraba. Lakini programu huandika kwa simensi, kwa hiyo kwenye skrini utaona 0.12, 0.036 na 0.0003. Usishtuke wala usizirekebishe. Utando una mikrofaradi 1 kwa kila sentimita ya mraba. Seli isipoguswa hutulia kwenye milivolti -65.

Sasa mkondo wa kuichokoza, na hapa ndipo wengi huumbuka. Vitabu hutaja mkondo kwa eneo: mikroampea 10 kwa sentimita ya mraba. NEURON inataka mkondo wa jumla kwa nanoampea. Piga hesabu: uso wa silinda ile ni 20 mara 20 mara 3.14, yaani mikromita za mraba 1,257 hivi, ambazo ni sentimita za mraba 0.0000126. Zidisha kwa 10, geuza kuwa nanoampea, unapata 0.126. Anayeandika 10 kama alivyoona kitabuni ameipa seli karibu mara 80 ya inachohitaji. Volti inaruka juu mara moja na kuganda hukohuko, mapigo, yaani ile miruko mifupi ya volti ambayo ndiyo ishara ya seli, hayaonekani, na mwonyeshaji anaanza kuilaumu kompyuta. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kando ya kibodi, maana mbele ya watu hata kuzidisha kwa 10 huwa kugumu.

Ukitia 0.126, seli inapiga mfululizo, karibu mapigo 70 kwa sekunde. Mpe mgeni kipanya. Akishusha hadi 0.063, seli inapiga mara moja tu mwanzoni kisha inanyamaza ingawa mkondo bado unapita. Akipandisha hadi 2.5, inapiga mwanzoni, inatikisika kidogo, kisha inakwama juu bila kupiga tena. Wenye maabara wanaijua hali hiyo, na hupenda kuona kwamba programu nayo inaijua. Kilicho kizuri kuliko vyote ni mkondo hasi. Weka -0.126 kwa milisekunde 50, kisha ukate. Seli iliyokuwa imegandamizwa chini inapiga baada ya kuachiwa. Kitendo hicho kimoja kinaonyesha kwamba milango ya ayoni ndani ya programu ina kumbukumbu ya kilichotangulia, na hakuna mchoro wa kubandika utakaokisema hivyo.

Mtu wa dawa atakuja na lake: weka tetrodotoksini, ile sumu ya samaki bunju inayoziba milango ya sodiamu. Huhitaji kitu kipya. Rudisha 0.126, shusha sodiamu hadi 0, mapigo yanakufa na kinabaki kilima kidogo cha mviringo. Rudisha sodiamu, punguza potasiamu kwa nusu, mpigo unanenepa. Baada ya hapo nyamaza umwache acheze. Wengi huharibu kwa kuendelea kueleza wakati mgeni ameshashika kipanya.

Swali linalowakuta wageni wa kazi hii bila jibu ni la joto. Hodgkin na Huxley waliziandika namba zao kwa nyuzi 6.3 za Selsiasi, na NEURON huanza na 6.3 hiyo hiyo usipoiambia vingine. Katika milinganyo yao kasi ya milango huongezeka mara tatu kwa kila nyuzi 10. Ukimpeleka ngisi kwenye nyuzi 37 za mwili wa binadamu, milango inafunguka na kufunga mara 29 kwa kasi zaidi. Potasiamu inaiwahi sodiamu kabla volti haijapanda, na mpigo unasinyaa. Kosa la upande wa pili ndilo la kawaida zaidi: mtu analeta seli ya panya iliyopimwa kwa joto la mwili, anasahau 6.3 ikiwa imekaa, mapigo yanatoka mapana kama ya seli mgonjwa. Andika joto kwenye pembe ya skrini, kwa herufi kubwa, kabla hujaulizwa.

La pili ni hatua ya wakati. Kompyuta haitiririshi muda, inauruka kwa hatua. NEURON huruka milisekunde 0.025, kwa hiyo sekunde moja ni hatua 40,000. Anayeandika milinganyo hii mwenyewe kwa njia sahili ya kupiga hesabu iitwayo Euler, akitanua hatua hadi 0.5 ili iende haraka, ataona volti ikiyumba ovyo au skrini ikiandika nan, yaani si namba tena. Hilo ni kosa zuri, linaonekana. Njia ya kawaida ya NEURON ni ya upole, hailipuki, ila ukiitanua sana inachora mstari laini wa uongo. Dawa yake ni moja: punguza hatua kwa nusu, endesha tena, laza mchoro juu ya mchoro. Vikilingana, endelea. Fanya hivyo mbele ya mgeni, haichukui dakika.

Kutoka seli moja watu hutaka kuruka hadi mtandao. Mfano unaojulikana ni ule wa Nicolas Brunel wa mwaka 2000: seli 10,000 za kuchochea na 2,500 za kuzuia, kila seli ikipokea kutoka asilimia 10 ya wenzake, yaani 1,000 za kuchochea na 250 za kuzuia. Zidisha 12,500 kwa 1,250, unapata sinapsi, yaani viungo kati ya seli na seli, 15,625,000. Hata kila sinapsi ikila baiti 40 tu, hizo ni megabaiti 625 kabla ya kitu kingine chochote, na kompyuta mpakato ya gigabaiti 4 yenye kivinjari kilichofunguliwa itaanza kukwama. Kwa hiyo mtu anapunguza seli hadi 1,250 na kuacha asilimia 10 ileile. Sasa kila seli inapokea miunganiko 125 badala ya 1,250, na mtandao hauna tabia ile tena: ama unanyamaza, ama unapiga kwa pamoja kama ngoma. Ukipunguza miunganiko lazima uongeze nguvu ya kila sinapsi, na hata ukifanya hivyo, namna seli zinavyofuatana haibaki ileile. Sema hivyo waziwazi. Ni heri kuonyesha mtandao mdogo ukiuita mdogo.

Mtandao una bahati nasibu ndani yake, na bahati nasibu ya kompyuta huanza na mbegu, ambayo ni namba tu. Usipoifunga mbegu, mchoro wa asubuhi hautafanana na wa jioni, na mgeni aliyerudi na mwenzake kumwonyesha ajabu fulani hataiona. Ukiifunga bila kumwambia, atadhani ajabu ile ni sheria ya mtandao. Ifunge, kisha mwonyeshe mbegu tatu tofauti.

Kuhusu ubongo mzima tutasema kidogo, kwa sababu ndiko uongo mwingi unakofanyikia. Katika The Virtual Brain mfano unaoanza nao una maeneo 76, kila eneo likiwakilishwa na milinganyo michache ya wastani. Kati ya maeneo kuna jedwali la nguvu za miunganiko na jedwali la urefu wa nyuzi za neva. Urefu ukigawanywa kwa kasi unaleta ucheleweshaji: milimita 100 kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde ni milisekunde 33, na ukiibadilisha kasi hiyo mawimbi yote yanabadilika. Ni onyesho zuri. Tatizo linaanza mwonyeshaji anapogeuza ubongo wa rangi mbele ya madaktari na kusema "huyu ni mgonjwa wa kifafa". Jedwali linalokuja na programu si la mgonjwa yeyote. Ni kweli kikundi cha Viktor Jirsa kule Marseille, Ufaransa, kinajenga mfano wa mgonjwa mmojammoja, lakini kwa picha za MRI za mgonjwa huyo na kwa kumbukumbu za umeme za ubongo wake. Daktari wa Afrika Mashariki atakuuliza juu ya kifafa cha tegu wa nguruwe, ambapo vifuko vya mdudu vimekaa ndani ya ubongo. Jedwali lile halimjibu. Mwambie halimjibu, mrudi kwenye namba.

Meza nayo ina mambo yake. Kompyuta yenye gigabaiti 8 inatosha kwa yote tuliyoyasema. Programu zisakinishwe wiki moja kabla, kwenye mashine ileile itakayosimama mezani, halafu zima intaneti na uendeshe kila kitu tangu mwanzo. Kitakachogoma ndicho kilichokuwa kinategemea intaneti bila wewe kujua. Intaneti ya ukumbi wa watu mia tano usiiwekee matumaini. Milango ya ayoni isiyokuja na NEURON huandikwa kwenye mafaili ya mod, na lazima yakusanywe, yaani yageuzwe kuwa msimbo wa mashine, kwa amri ya nrnivmodl. Kwenye Linux amri hiyo huacha folda pembeni, na ukifungua programu ukiwa kwenye folda nyingine, milango haipatikani na onyesho linakatika kwenye mstari wa kwanza. Kosa hili ni la kila mkutano. Brian 2 nayo, mara ya kwanza hutafsiri milinganyo kuwa msimbo wa mashine, na hapo inaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko uvumilivu wa mgeni. Mara ya pili huenda haraka kwa sababu imehifadhi. Kwa hiyo endesha kila mfano mara moja kabla milango ya ukumbi haijafunguliwa. Kama mashine haina kikusanyaji cha C++, itafanya kazi, ila polepole, na itakupa onyo ambalo watu hawalisomi.

Projekta hufifisha. Mandhari nyeusi yenye mistari myembamba inayopendeza kwenye kompyuta yako haionekani ukutani wakati taa za ukumbi zinawaka. Tumia mandhari nyeupe, mstari mnene, na usitenganishe seli za kuchochea na za kuzuia kwa nyekundu na kijani pekee, maana wapo wasiozitofautisha. Chukua waya wako wa HDMI na ekstensheni yako. Betri iwe imejaa. Kompyuta nyingi zikichomolewa kwenye umeme hujipunguzia kasi zenyewe, na mtandao uliokwenda sekunde 20 asubuhi ukaenda 50 mchana, mgeni hataelewa ni kwa nini. Video iwepo, lakini ndani ya begi, kwa siku ambayo yote yamegoma, na ikitolewa itajwe kuwa ni video.

Kwa walimu wa sekondari wanaotaka kuanza hata kabla ya Python, ipo njia ya jedwali la kawaida la hesabu la kompyuta. Mwaka 2003 Eugene Izhikevich alitoa mfano wa seli wenye milinganyo miwili tu. Safu ya kwanza iwe volti, ianze na -65; ya pili iwe kile kinachoirudisha seli nyuma, ianze na -13. Kila mstari mpya ni milisekunde 0.5 mbele, kwa hiyo mistari 2,000 ni sekunde nzima. Volti mpya ni volti ya mstari wa juu ukiongeza 0.5 mara jumla hii: 0.04 mara volti kipeo cha pili, ongeza 5 mara volti, ongeza 140, toa safu ya pili, ongeza mkondo 10. Safu ya pili mpya ni ile ya juu ukiongeza 0.5 mara 0.02 mara mabano haya: 0.2 mara volti, toa safu ya pili. Na kama volti ya mstari wa juu imefika 30 au zaidi, acha hesabu hizo zote: andika -65 kwenye volti na ongeza 8 kwenye safu ya pili. Chora safu ya kwanza, mapigo yatajitokeza. Vilele havitalingana, kimoja 40, kingine zaidi ya 150. Seli haina kosa hapo, ni hatua ya 0.5 iliyo pana mno pale volti inapopanda kwa kasi. Agiza kisanduku kisizidi 30 na mchoro utanyooka. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tumekata kilele, mwache apunguze hatua hadi 0.1 aone vilele vinavyosogeleana. Akumbuke tu kwamba sekunde yake sasa inahitaji mistari 10,000.

Wasomaji wako,
Isevya, Tabora